Kabla Hujamtafuta Mchawi, Mpeleke Akapimwe Damu

Nawasalimu mlioko Keroka, upande wa Kisii na upande wa Nyamira, mlioko Nairobi na Mombasa, na ninyi wa Minnesota mnaosoma haya mkitoka zamu ya usiku. Ujumbe wa leo ni mrefu na najua kuna watakaonuna. Nuna, lakini soma.

Sisi Abagusii tuna swali moja ambalo limetumaliza. Kijana akianza kukonda, akitoka vidonda, homa ikimjia na kumwacha, swali letu la kwanza ni "Nani?" Nani amemfanyia hivi? Nani alimtazama vibaya siku ya harusi? Nani alikataa kuuza lile shamba la mpakani? Hatuulizi "Nini?" Na kwa sababu hatuulizi nini, tunazika vijana ambao wangepona, na tumewachoma moto wazee ambao hawakumgusa mtu.

Mmeiona mara ngapi hii? Kijana aliondoka hapa na afya yake, akaenda kutafuta maisha mjini au ng'ambo. Miaka michache baadaye anarudishwa akiwa mifupa. Mdomo umejaa vidonda, koo linauma hata maji hayapiti, mwili unawaka. Na lile linalowatisha watu zaidi: masikio yamekuwa meusi kama yaliyounguzwa, na mabaka ya rangi ya zambarau yametokea mashavuni na miguuni. Anapewa dawa za malaria, homa haishuki. Basi ukoo unakaa, na mzee mmoja anasema lile neno. Likishasemwa, hakuna tena anayemsikiliza daktari.

Wapendwa, picha hiyo ya homa, koo, vidonda vya mdomo na masikio meusi, madaktari wanaijua. Imeandikwa katika vitabu vyao. Mara nyingi ni picha ya mtu anayetumia kokeini.

Nieleze taratibu, maana wengi wenu mnajua kwamba unga unaharibu akili na mfuko, lakini hamjaambiwa unafanya nini ndani ya damu. Mungu alipouumba mwili aliuwekea ukuta na askari. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Wako wale wa mstari wa mbele, wanaokimbilia kila bakteria anapoingia kwenye kidonda au kooni. Wako wanaomkumbuka adui wa zamani. Na wako makamanda ambao ndugu zetu wenye virusi vya UKIMWI huwasikia wakitajwa kliniki, CD4. Ukiwa mzima hata hujui kwamba kuna vita. Unakula, unalala, unaamka, unaenda kuchuma chai.

Kokeini inaupiga ukuta huo kutoka pande nyingi. Kwanza inamnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Anaweza kukesha siku mbili na asione njaa. Mwili usiolala na usiokula hauwezi kulisha askari wake. Inaamsha pia homoni za mshtuko, zile zinazotoka mtu anapokimbizwa na mbwa, na homoni hizo zikikaa juu muda mrefu zinaituliza kinga badala ya kuiamsha. Halafu inabana mishipa ya damu. Anayevuta kwa pua, damu haifiki vizuri kwenye nyama ya pua, ile nyama inakufa, na wengine hutoboka kabisa ule ukuta unaogawa tundu mbili. Anayevuta kama moshi anaudhuru ulinzi wa mapafu. Kuna chembe ndani ya mapafu kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviua, na kwa wavutaji hao zimepimwa zikaonekana zimelegea katika kuua bakteria. Ndiyo maana nimonia na kifua kikuu havimwachi.

Sasa nisikilizeni ninyi wenye ng'ombe. Kuna dawa ya minyoo ya mifugo inaitwa levamisoli. Soma karatasi za dawa za minyoo kwenye duka la mifugo, utakutana na jina hilo. Wauzaji wa kokeini huichanganya humo ili kuongeza uzito wa mzigo. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwatahadharisha wananchi wake kwamba karibu asilimia 70 ya kokeini iliyokuwa ikikamatwa ilikutwa na dawa hiyo. Ninyi wa Minnesota, hapo nawatazama ninyi na watoto wenu. Mtu analipa dola nyingi kuvuta dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Ng'ombe wako haimdhuru ikitumiwa kwa kipimo. Kwa binadamu, baadhi ya watu wakiipata mara kwa mara, mwili unawaua wale askari wa mstari wa mbele. Si kuwapunguza tu. Wanaisha, karibu wote. Dawa hii iliwahi kutumiwa kutibu watu, hata wenye saratani ya utumbo mpana, na madhara haya yalijulikana tangu wakati huo. Marekani iliacha kuitumia kwa binadamu karibu mwaka 2000. Mtu asiye na askari hao, bakteria wanaokaa mdomoni mwake kila siku bila kumdhuru wanageuka kuwa jeshi la adui. Koo linaoza, homa inapanda, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Masikio yale meusi ni mishipa midogo ya damu iliyoharibika na kuziba kwa sababu ya dawa hiyo hiyo. Si mkono wa shangazi yake.

Na hapa ndipo penye kiini cha ujumbe wangu, kwa hiyo msiruke mstari.

Mtu huyu akiacha kokeini, akatibiwa yale maambukizi, mara nyingi askari wake hurudi ndani ya wiki moja au mbili. Akirudia unga, wanaanguka tena. Sasa fikiri. Familia inamtoa kijana mjini, inamleta nyumbani kwetu milimani ambako hajui wapi pa kununua. Anapelekwa kwa omoragori, au kwa nabii mwenye mafuta. Anakaa hapo siku kumi na nne. Anakula, analala. Homa inashuka, koo linafunguka. Nani anapewa sifa? Mwenye mafuta! Anapewa mbuzi, anapewa "mbegu" ya elfu ishirini, ushuhuda unarekodiwa na kuwekwa mtandaoni. Kijana anarudi mjini, anakutana na marafiki wale wale, anavuta, na ndani ya mwezi yuko kitandani tena. Familia inasema nini? "Wamemrudia. Safari hii tuwamalize." Unaona mtego ulivyotegwa? Kupona kwake kunamthibitisha nabii, na kuugua kwake tena kunamhukumu bibi kizee wa jirani. Na unga wenyewe haukutajwa hata mara moja katika kikao chote.

Mtaniambia natia chumvi. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hapa Kisii kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Dunia nzima ilisoma habari hiyo. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma kwamba walimroga kijana. Hiyo si historia ya babu zetu. Waliowasha kiberiti walikuwa na simu mfukoni na huenda Jumapili iliyotangulia walikuwa wameketi kanisani mahali fulani wakisema amina. Sijui kijana wa Marani aliugua nini na sisemi kwamba alitumia kitu. Nasema hivi: ugonjwa wa kijana haujawahi kuwa ushahidi juu ya mzee. Na mkimaliza kikao cha ukoo, mtazame pia nani anabaki na shamba la marehemu. Mashamba yetu ni madogo, na mara nyingi "ufunuo" hufuata mpaka wa shamba.

Kuna atakayeuliza, "Mchungaji, kwani wewe huamini uchawi na mapepo?" Mimi ni Mpentekoste, tena wa zamani. Nafunga, nakesha, nanena kwa lugha, natoa pepo kwa jina la Yesu. Kwa sababu naamini shetani yupo, najua pia si mvivu wala si mjinga. Ana unga wa kuangamiza nyumba nzima. Kwa nini ahangaike kumtuma mama wa miaka themanini usiku kwenye baridi ya Keroka? Someni Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona kipofu na wakauliza swali letu lile lile la nani: alikosa yeye au wazazi wake? Bwana alikataa swali lenyewe. Akatema mate, akafanya tope, akamgusa yule mtu machoni, akamtuma kunawa Siloamu. Hakuita kikao kumtafuta wa kulaumiwa.

Na ninyi wahubiri wenzangu mnaowaambia watu watupe dawa, mkasome 2 Wafalme sura ya 20. Hezekia alikuwa wa kufa. Aliomba akalia, na Mungu alisikia, Mungu mwenyewe alituma neno kwamba atapona. Baada ya neno hilo, Isaya aliagiza nini? Mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Unabii ulikuwa umeshatoka, na dawa ikapakwa. Isaya hakuona aibu. Wewe unaona aibu ya nini, ambaye hujafika hata nusu ya Isaya? Tulishaona Shakahola mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ikifukuliwa, mahali mtu anapofika anapoamini kwamba imani ni kuuchukia mwili. Atakayesema Keroka ni mbali na Kilifi, aangalie ni wagonjwa wangapi wa kifua kikuu wanaacha dawa katikati kwa sababu wamewekewa mikono.

Nirudi kwa wenye virusi, maana hapa kimya kinaua. Kokeini na VVU ni marafiki wabaya. Katika maabara imeonekana kwamba kokeini inazifanya zile CD4 ziwe rahisi zaidi kuingiwa na virusi, na virusi huzaliana kwa kasi zaidi. Huko Marekani wanawake wenye VVU walifuatiliwa kwa miaka, na utafiti huo uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliovuta kokeini ya moshi bila kuacha walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya kufa kwa magonjwa ya UKIMWI kuliko wasioitumia, hata baada ya kuhesabu nani alikunywa dawa zake vizuri na nani hakunywa. Kwa hiyo dada, kaka, usijidanganye kwamba vidonge vyako vitabeba na unga. Lakini usikie na upande wa pili: usiviache vidonge kwa sababu umeanguka kwenye unga. Uliyekunywa ARV jana ukavuta jana, kunywa ARV leo. Usiadhibu mwili wako mara mbili.

"Mchungaji, kokeini ni ya matajiri wa Nairobi. Hapa kwetu ni chang'aa na bangi." Ndiyo, na sitawadanganya. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya 8, wa miaka 15 hadi 65, anatumia pombe, na 1 kati ya 53 anatumia bangi. Kokeini iko chini sana ya hapo. Ila nauliza: watoto wetu wanakaa hapa tu? Desemba 2004 polisi walikamata zaidi ya tani moja ya kokeini, Malindi na Nairobi. Tani moja! Njia ya mzigo ikipita kwenye nchi, makombo huanguka njiani, na wa kuyaokota ni watoto wa maskini wanaofanya kazi kwenye vilabu, magari na nyumba za wakubwa. Kama mnatafuta wachawi wa kweli, ndugu wawili wa familia ya Akasha wa Mombasa walikiri mashtaka ya heroini na methi mahakamani New York, mmoja akafungwa miaka 25 mwaka 2019, mwingine miaka 23 mwaka 2020. Hakuna kijiji kilichokwenda kuwachoma. Kiberiti chetu ni cha wajane tu.

Na huyo mwenye chang'aa yake asifikiri amepona hukumu ya ujumbe huu. Ulevi wa kupindukia unavunja ukuta ule ule kwa nyundo nyingine. Mlevi wa namna hiyo ana hatari ya takriban mara tatu ya kuugua kifua kikuu. Kikohozi cha miezi mitatu cha mtu wa chang'aa si kijicho cha jirani. Wako wanaopenda kunitupia Timotheo na ule mvinyo kidogo wa tumbo. Ndugu, lile neno "kidogo" limo humo, na Timotheo hakupimiwa kwa mtungi.

Bado kuna kundi moja, na hili linaniuma kuliko la wenye nabii wa mafuta. Ni watakatifu wanaosema, "Amejitakia, acha avune." Mnasema haya mkiwa kwenye kwaya. Yule aliyeanguka njia ya Yeriko, Msamaria hakumuuliza kwa nini alisafiri peke yake barabara yenye majambazi. Alimimina mafuta na divai kwenye jeraha, akampandisha mnyama wake, akalipa nyumba ya wageni, akaahidi kurudi kulipa deni. Fedha ilitoka mfukoni. Sisi tunachanga haraka sana kwa jeneza na hema na mchele wa matanga. Kumchangia mtu huyo huyo nauli ya kliniki akiwa hai, eti ni kumlea katika dhambi!

Sasa tufanye nini? Nitasema kwa lugha ya jikoni.

Kijana anayetumia kokeini, au mnayemshuku, akipata homa na koo kuuma, msisubiri kesha la Ijumaa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Ombeni mkiwa kwenye gari. Mwambieni daktari ukweli: "Huyu anavuta kokeini." Mkificha kwa aibu, atatibiwa malaria na atakufa na heshima yenu. Ombeni apimwe hesabu kamili ya damu, ionekane chembe nyeupe ziko ngapi. Apimwe VVU. Kama anakohoa, makohozi yapimwe kifua kikuu. Dawa za VVU na za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi, na hapa Keroka tuna bahati ya kugombaniwa na kaunti mbili. Wanaotoza ushuru sokoni wanatoka pande zote mbili, basi na sisi tutumie hospitali za pande zote mbili. Hali ikiwa mbaya, Kisii mjini kwenye hospitali ya rufaa si mbali.

Msitarajie kidonge cha kuondoa hamu ya kokeini. Wa heroini wana methadoni, kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Mathari Desemba 2014, lakini kwa kokeini hakuna dawa kama hiyo iliyothibitishwa. Kinachosaidia ni ushauri wa wataalamu unaorudiwa wiki baada ya wiki, kubadilisha marafiki, na watu wasiomkimbia akianguka tena. NACADA wana laini ya simu ya bure, 1192. Piga hata kama ni wewe mzazi unayehitaji kuongea. Na atakapokuja nyumbani akapata nafuu ndani ya wiki mbili, msimpe mtu sifa, wala msimrudishe chumba kile kile mjini. Wiki hizo mbili ni damu tu imejirekebisha. Hamu bado iko kichwani.

Mwenye nyanya au shangazi ambaye ameanza kunong'onezwa kijijini, usingoje usiku wa watu kuja. Mwambie chifu, niambie mimi, na kama ni lazima mwondoe hapo kwa muda, akakae kwa binti yake. Na atakayesimama katika kanisa langu kutoa "ufunuo" wenye jina la jirani yake, nitamnyang'anya kipaza sauti mbele ya wote. Nimewaambia mapema ili asiseme nimemwaibisha.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitabaki ofisini hadi saa kumi jioni. Njoo na kijana wako, au njoo peke yako kama kijana ni wewe. Sitauliza majina ya waliokuuzia. Jumatatu asubuhi saa mbili kuna gari la muumini mmoja aliyejitolea kupeleka watu kliniki. Nafasi ni sita, na mbili zimeshachukuliwa. Mlioko mbali, andikeni kwenye inboksi, si hapa kwenye maoni, ili jina la mtu lisizunguke soko lote kabla hajafika kwa daktari.